Kampuni Ikifunga Lango, Je, Imekufa?

Tangu mgodi wa titani wa hapa kwetu uache kuchimba mwishoni mwa Desemba 2024, kuna neno nalisikia sana barazani, kuanzia Ukunda hadi Msambweni: “Kampuni ishakufa, sasa tumdai nani?” Swali ni zito, lakini nusu yake ya kwanza si kweli. Kilichokwisha ni mchanga wenye madini. Kampuni ni kitu kingine, na uhai wake haupimwi kwa lango lililofungwa wala kwa malori yaliyoacha kwenda Likoni.

Sheria huitazama kampuni kama mtu. Ina jina lake, mali yake na madeni yake, mbali na walioianzisha. Majaji wa Uingereza waliliweka wazi jambo hili mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, na mahakama zetu zinalifuata hadi leo. Sheria yetu ya sasa ni Sheria ya Kampuni ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani tuliyoizoea kama Sura ya 486. Mtu huyu wa karatasi huzaliwa siku Msajili wa Kampuni anapotoa cheti, na hakuandikiwa siku ya kufa. Wenye hisa wakifa wote, yeye yupo.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Katika fiqhi tuliyosomeshwa, ushirika wa watu wawili huvunjika mmoja wao akifariki. Kampuni sivyo. Mzee akifa na nyumba ya wageni ya Diani imeandikwa kwa jina la kampuni, nyumba ile si mirathi. Kinachogawanywa mbele ya Kadhi ni hisa za marehemu, na nyumba hubaki mali ya kampuni. Nimeona familia zikinuniana miaka kwa kutojua hilo tu.

Kutoandikiwa siku ya kufa si kusema zote huishi sana. Kule Japani kampuni ya Kongo Gumi, ya mafundi wa kujenga mahekalu, ilianza mwaka 578 na ilijiendesha hadi 2006 ilipomezwa na nyingine. Kampuni iliyotawala mwambao wetu haikufika hata muongo. Imperial British East Africa Company ilipewa hati na Malkia Victoria mwaka 1888, ikaweka makao Mombasa, ikawa inatoza ushuru na kuweka askari katika ardhi iliyoipata kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 ilikuwa hoi kifedha. Serikali ya Uingereza ikaichukua kwa pauni 250,000, na katika hizo, 200,000 zilitoka katika fedha za Zanzibar yenyewe! Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi aliposimama kupigana mwaka huo huo, aliyepambana naye ni serikali iliyorithi haki zote za kampuni. Kampuni ilikwenda, mamlaka yake hayakwenda.

Karibu zaidi na kumbukumbu zetu ni Ramisi. Kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1927 na kikafungwa 1988. Wazee waliofanya kazi pale wanajua ulivyokuwa mji ule siku za mshahara. Baada ya kufungwa, watu walilima mihogo na mahindi kwenye yale mashamba ya miwa, wakajenga, wakazika. Wengi waliamini kiwanda kikifa na haki ya ardhi imekufa. Mwaka 2007 serikali ikaikodisha ardhi kwa kampuni mpya, KISCOL, na ugomvi wa mashamba ukafika mahakamani. Mali ya kampuni haibaki bila mwenyewe, hata kama magugu yameshika. Hilo tulilijua tumechelewa.

Basi turudi kwenye mgodi. Wa kwanza kupewa haki ya kuchimba walikuwa Tiomin wa Kanada. Mwaka 2010 mradi ukanunuliwa na Base Resources wa Australia, na Oktoba 2024 Base Resources nayo ikanunuliwa na Energy Fuels wa Marekani. Mtu akisikia hivyo hudhani mdaiwa amebadilika. La. Mwenye mikataba hapa ni Base Titanium, kampuni iliyosajiliwa Kenya. Hisa za juu zinaweza kupita mikono kumi, yule mtu wa kisheria ni yule yule, na aliloahidi kwa sahihi bado ni juu yake. Mwenye dai la fidia au la ukarabati wa ardhi aliandike na kulipeleka kampuni ikiwa bado ipo kwenye rejista. Mrabaha ni hadithi nyingine. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii, lakini anayelipwa na kampuni ni serikali kuu, ndiyo inayogawa. Kwenda kupiga kelele langoni kwa ajili ya ile asilimia 10 ni kubisha mlango wa jirani.

Kufa kwenyewe kuna njia zake. Kampuni ikizidiwa na madeni inaweza kuwekewa msimamizi kwa miezi 12 ajaribu kuinusuru, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015. Nakumatt, waliokuwa na duka Diani, walipitia huko, lakini haikusaidia, na mwaka 2020 wadai wakaamua ifungwe. Mfilisi akiingia, kwanza hulipwa gharama za ufilisi wenyewe, halafu wafanyakazi: mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja kwa kipaumbele hicho. Kinachozidi hapo kinangoja foleni na wadai wengine. Na mfilisi hakutafuti nyumbani. Anatoa tangazo, nawe unapeleka dai lako.

Njia ya pili ni ya kimya, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wadogo. Vijana na akina mama wengi wa huku waliandikisha kampuni ili wapate zabuni za mgodi na za kaunti: usafi, chakula, usafiri. Kazi zimekwisha, kampuni zimeachwa. Msajili akiona ripoti za kila mwaka haziletwi, huandika barua, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha hufuta jina. Siku hiyo kilichobaki kwa jina la kampuni, iwe pikapu au pesa benki, huwa mali ya serikali, na wakurugenzi bado hudaiwa. Kuirudisha kunawezekana ndani ya miaka sita, kwa ombi na gharama. Ni rahisi zaidi kuomba mwenyewe ifutwe, baada ya kulipa madeni na kugawana kilichopo.

Nasema haya nami nina langu. Tulikuwa watu sita, tukasajili kampuni ya kuuza viti na mahema ya harusi. Cheti kiko ukutani kwangu ndani ya fremu, na ripoti ya mwisho tulipeleka zamani hata tarehe siikumbuki. Jumatatu inshallah nakwenda kuuliza kama bado tu hai.