Ngozi iliyobaki: historia fupi ya kupona

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wote mlionitumia salamu tangu chuo kifunguliwe nimezipata, asanteni sana. Na nyie mliokuwa mnaulizana kwenye foleni ya kafeteria kwa nini natembea nimeinama kama bibi anayetafuta sindano, leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja. Sikupata ajali. Sikujifungua. Nilipungua kilo 54 kwa miaka mitatu, nikabaki na ngozi inayoning'inia tumboni, na likizo ndefu nikafanyiwa upasuaji wa kuiondoa. Leo ni wiki ya sita na nimeshaanza kunyooka.

Lakini mnanijua. Mtu wa historia ukimlaza chali wiki tatu ataanza kuuliza hiki kitu kilianza lini na nani alianza. Nilidhani nitakuta habari za visu na madaktari maarufu. Kumbe nilikuta habari za kitanda. Kukata ngozi na mafuta ya tumbo, wadau, watu walijua zamani sana. Kilichochukua karibu miaka mia ni kujua mgonjwa apone vipi baada ya kukatwa. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuwasimulia leo, maana ndiyo iliyonifanya niwe hai hapa naandika.

Tuanze. Mwaka 1890 huko Ufaransa madaktari wawili, Demars na Marx, waliandika kuhusu kuondoa kipande kikubwa cha ngozi na mafuta tumboni. Halafu tunakuja Mei 1899, Baltimore, Marekani, hospitali ya Johns Hopkins. Daktari wa magonjwa ya wanawake aitwaye Howard Kelly alimpasua mwanamke wa miaka 32 mwenye uzito wa kilo 129 hivi. Kipande alichokitoa kilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana 31, unene 7, na kilikuwa na gramu 7,450. Hebu fikirini, kilo saba na nusu. Ni zaidi ya uzito wa watoto wachanga wawili, na yule mama alikuwa anatembea nao kila siku, usiku na mchana, bila kupumzika.

Angalieni jambo moja hapo. Mama yule hakuwa anatafuta umbo la kuvalia gauni. Alikuwa na mzigo unaomzuia kuishi. Upasuaji huu ulianzia mikononi mwa daktari wa hospitali ya kawaida aliyekuwa anaondoa mzigo, urembo ulikuja baadaye. Kumbukeni hilo, nitalirudia chini.

Sasa fikirieni kupona mwaka 1899. Penisilini hakuna, Fleming aliigundua 1928. Makundi ya damu hayajajulikana, Landsteiner aliyatangaza 1901, kwa hiyo ukimwaga damu nyingi basi tena. Na ukitoka chumba cha upasuaji unalazwa kitandani. Si siku mbili, ni wiki mbili, tatu, umelala tu, kwa sababu iliaminika ukisimama mapema mshono utafumuka. Kwa akili ya kawaida inaingia kabisa. Hata mimi ningeamini.

Tatizo ni damu. Mtu akilala bila kutembeza miguu, damu kwenye mishipa ya miguu inakwenda polepole, inaganda, na lile bonge linaweza kuachia likapanda hadi kwenye mapafu. Hapo mtu aliyekuwa anaongea vizuri asubuhi anafariki mchana. Mjerumani Rudolf Virchow alikuwa ameshaeleza safari hiyo ya bonge tangu katikati ya karne ya 19. Yaani ugonjwa ulijulikana, lakini kitanda kiliendelea kuitwa dawa.

Na hapa historia ikanichekesha. Mwaka uleule wa 1899, Kelly akiwa Baltimore na kile kipande chake, kule Chicago daktari aitwaye Emil Ries alichapisha makala akisema wagonjwa waliopasuliwa tumbo wasilazwe wiki nyingi, wainuliwe siku za mwanzoni kabisa. Alikuwa amejaribu kwa wagonjwa wake na wakapona haraka. Wenzake wengi hawakumfuata. Ilipita miaka arobaini hivi ndipo Daniel Leithauser wa Detroit akalishika tena jambo hilo, na Vita Kuu ya Pili ikasukuma, maana vitanda na manesi havikutosha. Kitabu chake kilitoka 1946. Mwaka uliofuata, London, Richard Asher aliandika makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza juu ya hatari za kulala kitandani. Kwa hiyo jibu lilikuwepo tangu mwaka ule wa yule mama wa Baltimore, ila lilikaa kwenye makaratasi karibu nusu karne huku watu wakiendelea kulazwa.

Mimi nililiona hilo kwa macho yangu. Jioni ileile ya upasuaji nesi alikuja kuniinua. Shangazi yangu aliyekuwa ananiuguza alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, si umwache mtoto alale? Hujaona alivyokatwa?" Nesi akamjibu kwa upole, "Shikamoo mama. Akilala ndiyo hatari yenyewe. Mshike mkono huo, mimi nashika huu." Nikatembea hatua kumi na moja hadi dirishani, nimepinda kama ndoana, machozi yananitoka. Hatua kumi na moja! Shangazi alinuna hadi kesho yake. Lakini shangazi hakuwa mjinga, alikuwa anasema kile ambacho madaktari wengi wa 1899 wangesema.

Kuna sehemu nyingine itakayowafurahisha nyie mnaodhani mwanafunzi hawezi kugundua kitu zaidi ya desa. Mwaka 1916, hapohapo Johns Hopkins, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari aitwaye Jay McLean alipewa kazi ya kutafuta kitu kinachogandisha damu. Akakuta kinyume chake, kitu kinachozuia damu isigande. Profesa wake, William Howell, baadaye alikiita heparini, jina lililotokana na neno la Kigiriki la ini. Hata hivyo ilichukua hadi 1975 ndipo utafiti mkubwa ulioongozwa na Kakkar wa London, wenye wagonjwa 4,121, ulipoonyesha kwamba dozi ndogo za heparini kabla na baada ya upasuaji zinapunguza vifo vya bonge la mapafu. Upande wa wasiopewa walifariki 16 kwa sababu hiyo, upande wa waliopewa wawili. Ile sindano niliyokuwa nachomwa kila siku, ambayo niliilaani sana, ni ya ukoo huohuo. Samahani McLean.

Mtauliza, kwa nini ngozi isirudi yenyewe? Niliulizwa sana hili, eti ungefanya mazoezi zaidi. Jamani, msuli unafanyishwa mazoezi, ngozi haifanyishwi. Ngozi inavutika na kurudi kwa sababu ya nyuzinyuzi ziitwazo elastini na kolajeni. Ikivutwa miaka mingi, nyuzi hizo zinakatika, na elastini mwili wa mtu mzima hautengenezi upya kwa kiasi cha kutosha. Ni kama mpira wa kiunoni wa sketi ya zamani. Utaufua, utaupiga pasi, haurudi.

Kwa miaka mingi wenye shida hii walikuwa wachache, kwa sababu kupungua sana kulikuwa nadra. Hesabu ilibadilika baada ya 1966, Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walipoanza upasuaji wa kufupisha njia ya chakula kwa kuacha sehemu kubwa ya mfuko wa chakula pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani walikuwa wanafanya upasuaji wa kupunguza uzito kama 16,000 kwa mwaka, kufikia 2003 ukapita 100,000. Na siku hizi kuna sindano, semaglutide iliyoruhusiwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021 na tirzepatide mwaka 2023. Kila njia inatoa mafuta. Hakuna hata moja inayoondoa ngozi.

Ufundi wenyewe nao ulikua. Rio de Janeiro, Ivo Pitanguy alichapisha 1967 matokeo ya wagonjwa 300 wa tumbo mfululizo, akiweka mshono chini kabisa unakofichwa na nguo ya ndani. Miaka ya 1990 Ted Lockwood wa Marekani akaonyesha namna ya kushona tabaka imara lililo chini ya ngozi ili lenyewe libebe uzito, na mshono wa juu usivutwe. Ndiyo maana leo daktari anaweza kuzunguka kiuno kizima.

Lakini mwili nao una ujanja wake. Ukiondoa ngozi na mafuta, kunabaki nafasi chini, na mwili unaijaza maji. Yakizidi yanachelewesha kupona au yanaingia wadudu. Kwa hiyo unawekewa mirija yenye kijipira kinachonyonya. Redon wa Ufaransa alileta mirija ya kunyonya mwaka 1954, na kile kijipira changu kina majina ya Jackson na Pratt, madaktari wa jeshi la majini la Marekani, ambao mwaka 1971 waliandika kuhusu mrija wa kutoa damu iliyojikusanya kwenye kichwa. Umetoka kichwani ukaja tumboni kwangu. Nilikaa nayo siku kumi na mbili, miwili, nimeifunga kiunoni chini ya dera, kila asubuhi napima na kuandika daftarini kama mtu wa maabara. Baroudi na Ferreira wa Brazil walionyesha 1998 kwamba ukishona ngozi iliyobaki kwenye nyama ya chini kwa nyuzi nyingi, maji yanapungua, na wengine sasa hawaweki mirija kabisa.

Halafu kuna nguo ya kubana. Unaivaa usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Bibi yangu alipoiona alicheka akasema, "Hiki si kibwebwe tu, mjukuu wangu?" Kweli kabisa. Mama zetu hufungwa tumbo kwa kanga baada ya kujifungua, wanapikiwa uji wa pilipili manga, hawabebi ndoo, na watu wa nyumbani ndio wanaofanya kazi. Nilipoitazama orodha niliyopewa hospitali niliona inafanana: bana tumbo, kula vizuri hasa mayai, samaki na maharage, usibebe kitu kizito wiki sita, usikae peke yako. Sigara marufuku, maana inabana mishipa midogo ya damu na mshono unakufa pembeni. Tofauti moja tu, mzazi wa zamani alilazwa, mimi natembezwa.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Nilipoomba bima inisaidie, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba huo ni urembo. Nilikuwa nimepeleka picha za vidonda vilivyokuwa chini ya mkunjo, vya kila mwaka msimu wa joto. Urembo! Familia ikachangishana, mjomba akauza mbuzi, na mimi nikaweka bumu langu la muhula mzima. Najua wengi hawana mjomba wa kuuza mbuzi. Huko Marekani nako mabishano ni hayohayo, mara nyingi mtu analipiwa kupungua halafu anaambiwa ngozi ni juu yake. Ndiyo maana yule mama wa 1899 ananihusu. Daktari wake alipima kilo saba na nusu na akaona ugonjwa, hakuona maringo. Miaka zaidi ya mia na ishirini baadaye mimi nimelazimika kubishana kuhusu jambo ambalo mezani kwake lilikuwa limekwisha.

Na nyie wenzangu, nanyi mlikuwa na neno lenu. Nimesikia "ameenda kukata kitambi kwa njia ya mkato." Sina kinyongo. Ila mjue njia ya mkato haina mirija miwili. Sehemu ya chini ya kitovu bado imekufa ganzi, na nimeambiwa inaweza kuchukua miezi mingi kurudi, pengine isirudi yote. Uvimbe unapanda jioni. Kovu linakwenda nyonga hadi nyonga, jekundu, na litaendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Kuna siku nalitazama nalia, na kuna siku nakimbilia daladala bila kushika tumbo kwa mkono na nacheka peke yangu. Vyote ni kupona.

Basi akirudi mwingine chuoni hivi, na atarudi maana sindano zinaenea, msimuulize amekatwa kilo ngapi. Mpeni kiti cha mwisho karibu na mlango. Mbebeeni ndoo hadi ghorofa ya nne kama rumeti wangu alivyonibebea (Mungu ambariki). Jioni mtoeni nje mtembee naye, taratibu, hata akikataa. Emil Ries aliwaambia watu hivyo na wakachelewa miaka arobaini, sisi hatuna sababu ya kuchelewa.

Semina ya kesho sijasoma hata ukurasa mmoja. Tuonane darasani, na mtu aniwekee kiti.