Upana wa Masafa: Kasi ya Simu Inakotoka

Septemba 2022 Vodacom ilizindua 5G nchini Tanzania. Mwezi uliofuata Safaricom, iliyoanza majaribio Machi 2021 katika Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ikaiingiza yake sokoni rasmi. Matangazo yalijaa neno moja: kasi. Lakini mhandisi anayepanga mtandao wa simu haanzi hesabu zake na kasi. Anaanza na kile ambacho Kiingereza hukiita “bandwidth”, na ambacho kwa Kiswahili kina majina zaidi ya moja.

Data ya simu hupita hewani kwa mawimbi ya redio, na hewa hiyo ina wenyewe. Kila kampuni hukabidhiwa kipande cha masafa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na haina ruhusa ya kugusa cha jirani. Kipande kikianzia megahezi 3,500 na kuishia 3,600, upana wake ni megahezi 100. Huo ndio upana wa masafa, na hakuna siri zaidi ya hapo. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kihisabati kwamba uwezo wa njia ya mawasiliano kupitisha taarifa hupanda kadiri njia inavyopanuka, na hushuka kadiri kelele zinavyoizidi nguvu ishara yenyewe.

Ukizipanga teknolojia za simu kwa kigezo hicho, historia yake inasomeka vizuri kuliko kwa kuhesabu “vizazi”. Chaneli moja ya GSM, ile 2G iliyotuzoesha ujumbe mfupi, ina upana wa kilohezi 200 tu. Ya 3G ni megahezi 5. Ya 4G hufika megahezi 20, na ya 5G, kwenye masafa yaliyo chini ya gigahezi 6, hufika 100. Ufundi wa kubana data na antena nyingi umechangia pia, tena sana, lakini bila upana ufundi huo ungefika ukingoni mapema.

Hapa neno “kasi” linapotosha kidogo. Mawimbi ya 2G na ya 5G husafiri kwa mwendo ule ule, mwendo wa mwanga. Watu wakitoka Uwanja wa Mkapa baada ya mechi ya Simba na Yanga, uwanja haubaki mtupu upesi kwa sababu mashabiki wamekimbia. Hubaki mtupu upesi kwa sababu milango ni mipana. Na milango hiyo ni ya wote. Wateja walio chini ya mnara mmoja hugawana upana ule ule, ndiyo maana simu iliyokuwa ikipaa alfajiri huanza kusuasua jioni, na alama ya 5G ingali imewaka kwenye kioo.

Alama yenyewe si ya kuaminiwa sana. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikuwa limeweka shabaha ya 4G kuwa megabiti 100 kwa sekunde kwa mtumiaji aliye mwendoni na gigabiti 1 kwa aliyetulia. Desemba 2010 likakubali jina hilo litumike hata kwa teknolojia ambazo hazikuwa zimefika huko. Kizazi, basi, ni jina la ukoo. Hakimwahidi mteja chochote.

Kiswahili nacho kina mtego wake katika neno “masafa”. Waliokuwa wakiisikiliza BBC au Deutsche Welle kwenye masafa mafupi walikuwa wakizungumzia urefu wa wimbi. Wimbi fupi ndilo lenye mitetemo mingi kwa sekunde, kwa hiyo “masafa mafupi” ya redio ni masafa ya juu. Tofauti hiyo ya masafa ya juu na ya chini ina uzito hata leo. Katika mnada wa Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliuza masafa ya megahezi 700, 2,300, 2,600 na 3,500. Yale ya 700 hufika mbali na hupenya kuta, lakini nafasi yake ni finyu. Yale ya 3,500 yana nafasi tele, ila huchoka upesi na kuta huyashinda, hivyo minara inabidi isogeleane. Hiyo ni sababu mojawapo ya 5G kuanzia mijini.

Wafasiri wengi wa programu na tovuti wameiita “bandwidth” “kipimo data”. Jina hilo ni bovu. Linasema kuna kipimo, halisemi cha nini, na msomaji wa kawaida atafikiria gigabaiti za bando lake. Bando, neno ambalo halikusubiri kikao cha baraza lolote, hupima ujazo tu. Malalamiko kwamba 5G “inakula bando” yanatokana na hilo: programu za video hupima njia, zikiiona pana huleta picha safi zaidi, na dakika zile zile hubeba data nyingi zaidi. Anayetaka bando lidumu apunguze ubora wa picha kwa mkono.

Kuna na biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde, video ya megabaiti 100 hushuka kwa sekunde 40, wala si 5 kama wengi wanavyodhani.

Mhariri anayepokea taarifa ya uzinduzi ujao aandike “upana wa masafa” panapohusu hezi, “kasi ya data” panapohusu biti kwa sekunde, na “ujazo” panapohusu bando. “Kipimo data” akifute.