Kiunzi cha ripoti: Vichwa vya sura vinapotangulia ushahidi

Mapema mwaka 2003, tume iliyoundwa Marekani kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilikuwa bado mwanzoni mwa kazi yake. Mashahidi wengi walikuwa hawajahojiwa. Hata hivyo, ripoti yake ya mwisho ilikuwa tayari imepata umbo. Philip Zelikow, mkurugenzi mtendaji wa tume hiyo, na mwanahistoria Ernest May wa Chuo Kikuu cha Harvard, walikuwa wameandaa kiunzi chake: vichwa vya sura, vichwa vidogo chini yake, na vidogo zaidi chini ya hivyo.

Mwenyekiti wa tume, Thomas Kean, na makamu wake, Lee Hamilton, walikikubali, lakini kwa hofu. Waliona kwamba kikivuja, watu watasema hukumu imeandikwa kabla ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo kiunzi kikawekwa siri. Watumishi wengi wa tume walikuja kupata habari zake baadaye, na baadhi yao walichukizwa kiasi kwamba nakala ya dhihaka ilitungwa na kuzungushwa ofisini.

Kisa hicho kinaibua swali linalomhusu kila anayeandika ripoti, awe jaji, mkaguzi wa hesabu, mwanafunzi au katibu wa kamati ya shule. Je, kupanga ripoti kabla ya kukamilisha ushahidi ni busara ya mwandishi, au ni kuamua mambo kabla ya kuyajua?

Kiunzi ni nini

Kiunzi cha ripoti ni orodha ya mambo yatakayoelezwa, yakiwa yamepangwa kwa utaratibu yatakaofuata na kwa uzito ambao kila moja litapewa. Hakipaswi kuchanganywa na muhtasari. Muhtasari hufupisha kazi iliyokwisha kuandikwa, ilhali kiunzi hutangulia kazi yenyewe.

Mfano wake ni nyumba ya udongo. Fundi husimamisha nguzo kwanza, akafunga fito, ndipo udongo ukakandikwa. Nguzo iliyosimama upogo huweza kung'olewa na kusimamishwa upya kwa muda mfupi. Ukuta ukishakandikwa na kukauka, kuirekebisha nguzo hiyo ni kubomoa. Ndivyo ilivyo kwa ripoti: kuhamisha kichwa katika kiunzi ni kazi ya dakika moja, lakini kuhamisha sura iliyokwisha kuandikwa ni kazi ya siku nyingi.

Chanzo cha kiunzi ni swali. Katika ripoti rasmi, swali hilo hupatikana katika hadidu za rejea, yaani maelekezo ambayo tume au kamati hupewa inapoundwa. Mwandishi makini huyasoma maelekezo hayo, kisha huandika kwa sentensi moja jambo ambalo ripoti inatakiwa kulijibu. Kutoka sentensi hiyo hupatikana maswali madogo, ambayo kwa kawaida huangukia mafungu manne: nini kilitokea, kwa nini kilitokea, nani alipaswa kufanya nini, na nini kifanyike sasa.

Hatua inayofuata mara nyingi husahauliwa. Chini ya kila kichwa huandikwa ushahidi unaohitajika: nyaraka zipi, mashahidi gani, takwimu zipi. Hapo ndipo mapengo yanapoonekana. Kichwa kisicho na chochote chini yake humwambia mwandishi kwamba kazi ya kutafuta haijaisha.

Njia katika msitu wa nyaraka

Umuhimu wa kiunzi huonekana zaidi pale habari zinapokuwa nyingi kupita uwezo wa mtu mmoja kuzisoma. Tume ya Septemba 11 ilipitia kurasa zaidi ya milioni 2.5 za nyaraka na kuwahoji watu zaidi ya 1,200 katika nchi 10. Ilifanya vikao vya hadhara kwa siku 19 na kuwasikiliza mashahidi 160. Kazi hiyo iligawanywa kwa vikundi vya watafiti, na kila kikundi kilikuwa na eneo lake. Bila kiunzi cha pamoja, kila kikundi kingeandika ripoti yake, na msomaji angeachiwa kazi ya kuziunganisha.

Ripoti iliyotolewa tarehe 22 Julai 2004 ilikuwa na sura 13, na mpangilio wake unafaa kuchunguzwa. Sura ya kwanza inasimulia asubuhi ile ya ndege nne zilizotekwa. Sura ya pili inarudi nyuma kueleza chimbuko la al-Qaeda. Tathmini ya makosa yaliyofanyika imehifadhiwa hadi sura ya 11, na mapendekezo yamewekwa katika sura mbili za mwisho. Maelezo ya matukio yametengwa na tathmini, na tathmini imetengwa na mapendekezo, ili anayepinga ushauri wa tume asiwe na sababu ya kukataa pia maelezo yake ya yaliyotokea.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakutana na jambo jingine humo. Mashambulizi ya mabomu dhidi ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, yametajwa katika sehemu mbili. Katika sura ya pili yanaelezwa kama hatua katika kukua kwa al-Qaeda. Katika sura ya nne yanarudi kama msiba ulioilazimu serikali ya Rais Bill Clinton kuamua la kufanya. Tukio ni moja, lakini limewekwa mahali pawili kwa sababu linajibu maswali mawili.

Waathirika wenyewe, hata hivyo, wamepewa sentensi chache tu: Wamarekani 12 na watu wengine 201 waliouawa Nairobi, karibu wote wakiwa Wakenya; watu wapatao 5,000 waliojeruhiwa; na watu 11 waliouawa Dar es Salaam, ambao hakuna Mmarekani miongoni mwao. Takwimu hizo hazikufichwa. Ila hadidu za rejea ziliihusu Marekani na Septemba 11, na kiunzi kikazifuata. Ripoti ambayo ingeandikwa kwa ajili ya mjane wa Nairobi ingewapa watu hao sura nzima. Kiunzi, basi, huamua pia ni msiba wa nani utakaopewa nafasi.

Kichwa kinapogeuka hukumu

Hofu ya Kean na Hamilton haikuwa ya bure, kwani historia ya Marekani ilikuwa na mfano wa karibu. Baada ya Rais John F. Kennedy kuuawa tarehe 22 Novemba 1963, iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Earl Warren. Mnamo Januari 1964 wajumbe walipelekewa kiunzi cha awali cha uchunguzi. Sehemu mojawapo ilikuwa na kichwa kilichomtaja Lee Harvey Oswald kuwa ndiye muuaji wa rais. Shahidi wa kwanza, Marina Oswald, mjane wa mtuhumiwa, alisikilizwa tarehe 3 Februari.

Waliokitetea kiunzi hicho wana hoja. Shirika la upelelezi la FBI lilikuwa limekwisha kutoa ripoti yake mwezi Desemba, na tume haikuanza bila habari zozote. Lakini Oswald alikuwa ameuawa siku mbili baada ya rais, na kesi yake haikupata kusikilizwa mahakamani. Kwa wakosoaji wa tume, kichwa kile kimebaki kuwa ushahidi kwamba jibu lilitangulia swali. Hata kama jibu lilikuwa sahihi, namna kichwa kilivyoandikwa iliipunguzia tume imani ya watu.

Tofauti inaweza kuwa ndogo sana kimaandishi. "Fulani kama muuaji" ni hukumu. "Nani alifyatua risasi?" ni swali. Chini ya kichwa cha kwanza, mtafiti hukusanya yanayokubaliana nacho. Chini ya cha pili, hulazimika kukusanya yote.

Kichwa kinapofungua mlango

Kichwa pia kinaweza kuliokoa jambo lisizame. Nchini Kenya, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo iliorodhesha vifo 1,133. Sehemu kubwa ya ripoti yake, iliyotolewa Oktoba 2008, inaeleza ghasia hizo eneo kwa eneo. Lakini ukatili wa kingono ulipewa sura yake ya pekee.

Laiti mpangilio ungekuwa wa maeneo peke yake, ushuhuda wa waliobakwa ungetawanyika: aya moja katika maelezo ya Nairobi, nyingine katika Bonde la Ufa, kila moja ikionekana kama tukio la kando. Ulipokusanywa chini ya kichwa kimoja, ukubwa wa jambo ulionekana, na ikawa vigumu kulipita bila kulitolea mapendekezo.

Kinga kwa mwandishi

Zipo njia chache za kukifanya kiunzi kiongoze bila kufunga macho. Ya kwanza ni kuandika vichwa vya awali kwa namna ya maswali, na kuvigeuza kuwa kauli pale tu ushahidi unapokamilika. Ya pili ni kutenga mahali pa ushahidi unaopinga, tangu siku ya kwanza. Ya tatu ni kuiacha sehemu ya mapendekezo ikiwa tupu hadi maelezo yakamilike. Ya nne ni kuweka tarehe katika kila toleo na kuhifadhi matoleo ya zamani, ili ionekane ni nini kilibadilika, na kwa ushahidi upi.

Ya tano ni kukionyesha kiunzi kwa wale watakaokifanyia kazi. Mtafiti aliyetoka kuzungumza na mashahidi ndiye wa kwanza kutambua kwamba kichwa fulani hakina msingi, au kwamba jambo alilolisikia halina mahali pa kuwekwa. Asipokijua kiunzi, hawezi kukisahihisha. Na akikigundua baada ya kufichwa, hatasadiki tena kwamba kilikuwa tayari kusahihishwa.

Ripoti ya Septemba 11 ilifika mwisho wake na kusifiwa kwa uandishi wake. Mwaka 2004 iliingia fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, heshima ambayo ni nadra kupewa waraka wa serikali. Mpango uliochorwa mapema una sehemu yake katika sifa hiyo. Una sehemu yake pia katika manung'uniko ya watumishi waliofichwa mpango wa ripoti ambayo wao wenyewe walikuwa wakiichunguzia.