Uswidi: watu wazima wanaosoma wakiwa nyumbani

Wengi wetu huku mashariki tunaijua Uswidi kupitia wamisionari wa Kipentekoste, waliofika kwetu tangu 1921. Jinsi watu wazima wa nchi hiyo wanavyosoma, hilo tunalijua kidogo.

Mzizi wake umetoka Denmark, kwa mchungaji wa Kilutheri N.F.S. Grundtvig. Yeye alitaka mkulima asome kwa mazungumzo, bila kutishwa na mitihani. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Rødding, 1844. Uswidi ilifuata 1868, na leo ina vyuo vya namna hiyo (folkhögskola) karibu 150. Vingi ni vya makanisa, vyama vya wafanyakazi na vyama vya kupinga ulevi. Serikali hutoa fedha, mwanafunzi halipi ada. Aliyeacha sekondari njiani anaweza kupitia huko hadi chuo kikuu. Tanzania nayo iliiga mfano huo kuanzia 1975, ikaanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi.

Kusoma kwa mbali hakukuanza na intaneti. Mwaka 1898 Hans Hermod, wa Malmö, alianza kufundisha kwa barua. Miaka minne baadaye, mjini Lund, Oscar Olsson wa chama cha kupinga ulevi alianzisha kikundi cha kujisomea: watu wachache, kitabu, na kiongozi asiyelazimika kuwa mwalimu. Pesa za vitabu zilikuwa chache, hivyo walipokezana.

Siku hizi vyuo vingi vina kozi za mtandaoni. Mama mwenye watoto, au mfanyakazi wa zamu, husoma usiku, hutuma kazi zake, huzungumza na wenzake kwa video. Katika kozi nyingi hukutana pia chuoni siku chache kwa muhula. Sisi tunaona hapo ndipo penye nguvu. Anayesoma peke yake na simu huchoka upesi; anayengojewa na wenzake hurudi.

Kwetu kununua mega ni gharama na umeme hukatika. Tena, tusifiche, mama wengi katika makanisa yetu waliacha shule kwa sababu ya vita au ndoa ya mapema, na wanaona haya kukaa darasani na watoto wao. Kozi ya video haitawafikia kesho. Lakini kikundi cha Olsson hakikuhitaji umeme. Watu wanane, kitabu kimoja cha hesabu au cha afya, chumba cha kanisa Jumatano baada ya shamba: hilo jumuiya yoyote inaweza kulianza juma hili.