VIGANGO VYA WAZEE WETU: HABARI ZAKE NA ULINZI WAKE

Mtu akiuliza ni sanaa gani iliyo yetu hasa, sisi watu wa Kilifi, jibu lake ni kigango. Lamu inasifiwa kwa milango yake ya nakshi, na Wakamba kwa vinyago vyao. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda wanajulikana kwa miti ya ukumbusho waliyowasimikia wafu wao.

Kigango hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa haki ya marehemu aliyekuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye cheo, ambacho mtu aliingia kwa kutoa ada na karamu. Aghalabu miaka ilipita baada ya maziko, kisha marehemu akawatokea jamaa zake ndotoni akidai mahali pake, au maradhi yakaingia nyumbani na mganga akaeleza sababu. Ndipo alipoitwa fundi. Alichagua mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, kama mhuhu, akauchonga ubao mrefu mwembamba wenye kichwa cha mviringo, na mwili wake akaujaza nakshi za pembe tatu. Hakutafuta kufananisha uso wa marehemu. Ilitosha mti wenyewe kusimama kwa jina lake. Kigango kilifungwa vitambaa, kikamwagiwa tembo la mnazi, na wazee wakasema nacho kama wasemavyo na mtu. Tangu siku hiyo hakikupaswa kung'olewa. Hata mji ulipohama, kiliachwa papo hapo mpaka kioze.

Desturi hiyo njema ndiyo iliyowapa wezi nafasi. Wanunuzi wa vitu vya sanaa walipoanza kuvitafuta, walitokea vijana wasio na kazi waliokubali kuving'oa kwa malipo madogo. Vikauzwa mijini, vikapelekwa Marekani, na mamia vikaingia katika majumba ya makumbusho ya huko.

Kisa kimoja kinafaa kukumbukwa. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Bi. Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda mrefu vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake Bi. Linda Giles alionyesha picha za vigango, na Bi. Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa mali ya chuo kikuu katika jimbo la Illinois; cha pili kilionekana katika makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 kile cha Illinois kilikabidhiwa jamaa zake. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa linganisheni na habari hii. Mwaka 2019 vilirudi Kenya vigango 30 kutoka makumbusho ya Denver. Hivyo havikuwa na picha ya kuonyesha vilikosimama, wala jina la mwenyewe. Vimerudi katika nchi, lakini havikujua mlango wa kubisha. Kilichokirudisha kigango cha kwanza mpaka nyumbani kwake ni picha moja na jina moja.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ipo, na kaya zetu takatifu ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo serikali haiwezi kulinda kitu ambacho wenyewe hawajakitaja. Wachongaji wa Malindi wanaowauzia wageni vinyago vipya wanafanya kazi halali, nasi twawaombea soko. Lakini mti uliosimikwa kwa ajili ya marehemu si bidhaa. Wako pia wanaosema kwamba aliyebatizwa au kusilimu hana haja na mambo hayo. Kubadili dini hakumwondoi mtu katika ukoo wake, wala hakumpi ruhusa ya kumwacha babu yake auzwe.

Kwa hiyo kila mbari inaombwa ifanye mambo matatu: ipige picha vigango vyake na mahali viliposimama, iandike jina la marehemu na la ukoo wake, na la fundi ikiwa lajulikana, kisha ilete nakala moja kwa karani ihifadhiwe pamoja na vitabu vya chama. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka. Tuanze na miji yao.