Uamuzi wa Uigizaji wa Tamthilia za Kale Shuleni: Kutoka Athens na Teos hadi Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anaposimama jukwaani kuigiza onyesho moja la Sophocles au Shakespeare, mbele yake huketi mtu mwenye karatasi ya alama. Historia ya tamthilia imemwandika mtunzi kwa mapana, imemgusa mwigizaji kwa kiasi, na mwamuzi imemtaja kwa nadra. Hata hivyo, uamuzi wake ndio unaomwambia kijana ni kipi katika sanaa kinachothaminiwa. Insha hii inafuatilia uamuzi huo katika mazingira matatu: Athens ya karne ya 5 K.K., mji wa Teos baada yake, na shule za Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa ukoloni. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la nani anaamua halitengani na swali la kinachofundishwa, kwa kuwa wanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama.

2.0 Athens: Kumwekea Mwamuzi Mipaka

Katika sikukuu ya Dionysus mjini Athens, watunzi watatu wa tanzia walishindana mbele ya maelfu ya watu. Waathens hawakumkabidhi mtaalamu mmoja uamuzi huo. Majina ya raia kutoka makabila yote kumi ya dola yaliwekwa katika mitungi kumi, ikapigwa mihuri na kuhifadhiwa Akropoli. Isocrates anaeleza kwamba kuichezea mitungi hiyo kulikuwa kosa la kustahili kifo. Siku ya mashindano jina moja lilitolewa katika kila mtungi. Walioteuliwa wakala kiapo, wakatazama, kisha kila mmoja akaandika mpangilio wake wa washindi. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kura tano tu kati ya hizo kumi ndizo zilizotolewa na kuhesabiwa. Hivyo aliyetaka kuhonga hakujua amhonge nani, na mwamuzi hakuwa na hakika kwamba kura yake ingehesabiwa.

Utaratibu huo ulizuia hila, lakini haukuzuia makosa. Medea ya Euripides ilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizompa mtunzi wake nafasi ya mwisho mwaka 431 K.K. Mfalme Edipo ya Sophocles, ambayo Aristotle aliitumia mara nyingi kama kielelezo cha tanzia, ilikuwa katika kundi lililoshindwa na la Philocles, mtunzi ambaye leo hakuna hata tamthilia yake moja iliyosalia nzima.

Plato aliona tatizo mahali pengine. Katika kitabu chake kuhusu sheria anahoji kwamba watoto wadogo wangempa ushindi mfanya mazingaombwe, wavulana wakubwa wangechagua ramsa, vijana na wanawake waliosoma wangechagua tanzia, nao wazee wangemchagua msomaji wa Homer. Kwake, mwamuzi wa kweli huketi kama mwalimu wa hadhira na wala si mwanafunzi wake. Akiyumbishwa na makelele ya watu, amekwisha kuisaliti kazi yake. Tangu hapo kuna mvutano wa kudumu kati ya uamuzi wa wengi, unaolinda haki, na uamuzi wa mjuzi, unaolinda ubora.

3.0 Teos: Tanzia Yaingia Shuleni

Katika mji wa Teos, pwani ya Asia Ndogo, mashindano yalishuka kutoka kwa watunzi hadi kwa wanafunzi. Raia aliyeitwa Polythrous alitoa drakma 34,000 ili watoto huru, wavulana kwa wasichana, wapate walimu wa kusoma na kuandika, muziki na mazoezi ya mwili. Maandishi mengine ya mawe kutoka mji huohuo yanaorodhesha washindi wa mashindano ya shule kwa marika. Humo tanzia na ramsa zimeandikwa pamoja na kusoma, mwandiko mzuri na upigaji wa vinanda.

Orodha hiyo inaonyesha mabadiliko makubwa. Tamthilia iliyokuwa ibada na mjadala wa dola sasa ilikuwa somo, na umahiri wa kuitamka ukapimwa kama umahiri wa kuandika herufi. Jiwe linahifadhi jina la shindano na jina la mshindi. Sababu za ushindi halikuzihifadhi. Huo ni urithi ambao mashindano mengi ya shule yameendelea kuubeba.

4.0 Afrika Mashariki: Sikio la Mwamuzi

Tamasha la maigizo ya shule nchini Kenya lilianza mwaka 1959. Miaka yake ya mwanzo ilitawaliwa na tamthilia za Kiingereza na waamuzi wa Kizungu, na matamshi ya Kiingereza yalipewa uzito mkubwa. Katika hali hiyo, mwanafunzi aliyeelewa uchungu wa mhusika wake lakini akalitamka neno kwa lafudhi ya kwao alikuwa hatarini kupoteza mbele ya yule aliyeiga sauti ya London bila kuelewa. Alama za sanaa ziligeuka alama za lugha. Katika miaka ya 1970, Waafrika waliposhika usimamizi, tamasha lilianza kutoka katika ukumbi wa Kenya National Theatre na kuwafikia wananchi mikoani, na Kiswahili kikapata nafasi.

Upande wa Tanzania, tafsiri zilifungua mlango mwingine. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na kuchapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi naye alitafsiri Macbeth, kisha tanzia ya Edipo. Tafsiri hizi zilimwondolea mwanafunzi mzigo wa lafudhi, lakini zilimletea mwamuzi swali jipya. Nyerere hakutumia vina. Sikio lililolelewa na utenzi hutamani kituo mwishoni mwa kila mstari, ilhali maana mara nyingi huvuka mstari. Kijana anayeighani hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari kama shairi la vina huweza kusifiwa kwa utamu wa sauti, na papo hapo akawa ameuua ujanja wa hotuba: namna sifa anazompa Brutus zinavyogeuka shutuma kidogo kidogo. Isitoshe, onyesho hilo likikatwa peke yake, mwamuzi asiyeijua tamthilia nzima hawezi kujua kama mwigizaji ameuona mtego au ameona huzuni tu.

5.0 Hitimisho

Athens inafundisha kwamba mwamuzi mmoja hatoshi, na Plato anakumbusha kwamba wingi wa waamuzi hauzai ujuzi. Ukimya wa jiwe la Teos unaonyesha hasara ya ushindi usio na maelezo, na Kenya ya 1959 inaonyesha jinsi kigezo kibaya kinavyoweza kutumiwa kwa uaminifu kamili na bado kikadhulumu. Kwa hiyo mashindano ya shule yanahitaji waamuzi kadhaa waliosoma tamthilia nzima, vigezo vinavyotenganisha matamshi na ufahamu, na maelezo kwa kila kundi, hasa lililoshindwa. Nafasi ya pili ya Sophocles haikumdhuru, kwa kuwa alikwisha kuijua kazi yake. Mwanafunzi bado anaitafuta, na alama asiyoelezwa sababu yake humwacha palepale alipokuwa.