Bisie: jiwe lililopimwa

Wengi wakisikia habari ya mgodi huwaza shimo na utajiri tu. Lakini mbele ya shimo la kompani iko kazi ya kutafuta na kupima, nayo ina historia yake hapa Walikale.

Zamani za ukoloni kompani za Wabeleji zilichimba bati katika Kivu na Maniema. Mwaka 1976 ziliunganishwa kuwa moja, Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia yote, na Sominki ikadhoofika. Wakati ule wote kilima cha Bisie kilikaa msituni bila kuchimbwa. Karibu na mwaka 2002 wenyeji ndio waliovumbua madini yake, wala si wataalamu wa mbali. Mara maelfu ya watu walijaa kilimani. Wachukuzi walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili mpaka Njingala, na watu wa bunduki waliwatoza ushuru.

Mwaka 2012 kompani Alphamin ilianza kutoboa. Je, kupima kunafanywa namna gani? Mashine yenye meno ya almasi hukata mwamba na kutoa jiwe refu, la mviringo kama fimbo. Fimbo hizo hupangwa sandukuni kwa kufuata mita zake, halafu hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huenda laboratwari, nusu ya pili huwekwa iwe shahidi. Tena, kati ya mifuko hiyo hutiwa mawe yasiyo na bati, kusudi ijulikane kama laboratwari yenyewe inasema kweli. Shimo moja halitoshi. Hutobolewa mengi, mpaka urefu, unene na kina cha mwamba wa madini vijulikane.

Majibu ya Bisie yalishangaza: bati zaidi ya 4 kwa 100, kiasi kinachopita sana kile cha migodi mingi ya dunia. Mwaka 2019 mgodi ulianza kutoa mazao.

Basi, kutoboa hakukuvumbua Bisie. Kulihakikisha tu yale ambayo wenyeji walikuwa wamekwisha kuyashika mikononi. Lakini katika hesabu za mita na asilimia hamna mahali pa mvumbuzi. Fungu la inchi yake limeandikwa kwingine, katika sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018. Katika kodi inayotolewa juu ya madini yanayouzwa, 50 kwa 100 ni ya Serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya sekta au sheferi ya mahali, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo.

Wakatekista wangapi wanaijua ile 15? Kompani haikuamini jiwe mpaka imelipasua na kuweka nusu kuwa shahidi. Sisi nasi tuwafundishe watu kuuliza vivyo hivyo juu ya fedha: zimefika ngapi, nani alizipokea, na zimejenga nini.